Tanzanite: jinsi ya kuikagua, kuivaa na kuitunza isipasuke

Kila anayepata tanzanite kwa mara ya kwanza, awe ameinunua Arusha au ameachiwa pete na bibi yake, huuliza maswali yale yale. Ni ya kweli? Mbona mchana ni ya buluu na usiku inageuka zambarau? Niioshe na nini? Kwa nini sonara amekataa kuitia kwenye mashine yake? Na wapo wanaouliza wakiwa wamechelewa, jiwe limeshapata ufa.

Shika jambo moja kabla ya yote. Tanzanite haizeeki. Rangi yake haififii kwa kukaa miaka wala kwa kupigwa na mwanga wa kawaida. Maadui zake wakubwa ni wawili: kugongwa, na joto linalobadilika ghafla. Hatua nyingi utakazozisoma hapa zinahusu kuliepusha jiwe na mambo hayo mawili. Zilizobaki zitakusaidia ujue kama ulichonacho ni tanzanite kweli.

Andaa vitu hivi

- Lenzi ndogo ya mkono inayokuza mara 10, ile wanayotumia masonara.
- Karatasi nyeupe isiyo na mistari.
- Tochi ndogo au taa ya simu.
- Miwani ya jua yenye vioo vya polaroidi, yaani vinavyochuja mwanga wa uelekeo mmoja. Kuijaribu, tazama kioo cha simu iliyowaka ukiwa umeishika miwani mkononi, kisha izungushe taratibu. Ikiwa ni polaroidi, kwenye simu nyingi kioo kitaingia giza kisha kitarudi.
- Mizani ndogo inayosoma hadi gramu 0.01, ikiwa jiwe lako halijafungwa kwenye pete au kidani.
- Sabuni ya maji isiyo kali, bakuli la plastiki, mswaki laini wa mtoto na kitambaa kisichoacha nyuzi.
- Kifuko cha kitambaa, au kisanduku chenye vyumba.

Huhitaji dawa yoyote. Anayekuuzia "dawa maalumu ya kusafishia tanzanite" anakuuzia kitu ambacho sabuni ya vyombo inakifanya vizuri.

Machache kuhusu jiwe lenyewe

Tanzanite ni aina ya madini yaitwayo zoisaiti. Rangi yake ya buluu na zambarau inatokana na chembe za metali iitwayo vanadiamu zilizomo ndani. Inachimbwa Mererani, wilaya ya Simanjiro, mkoa wa Manyara, na hakuna mahali pengine duniani panapojulikana kuitoa kwa biashara. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, ambako almasi ni 10 na yakuti ni 9, tanzanite iko kati ya 6 na 7. Vumbi la kawaida la nyumbani lina chembe za kwatzi, madini ya mchanga, yenye ugumu wa 7. Ndiyo maana kulifuta jiwe kavu lenye vumbi ni kulikwaruza.

Ugumu si sawa na uimara, na hapa ndipo wengi hupotea. Ndani ya fuwele ya tanzanite kuna uelekeo mmoja ambao jiwe hupasuka kirahisi, kama gogo linavyopasuka kufuata nyuzi zake. Pigo dogo likiangukia uelekeo huo linatosha.

Jiwe hili pia huonyesha rangi tofauti kulingana na upande unaolitazamia. Likitoka ardhini, mara nyingi lina rangi tatu: buluu, zambarau, na ya tatu ambayo ni kahawia, nyekundu iliyofifia au manjano ya kijani. Wakataji huchoma mawe mengi kwenye tanuru ili rangi hiyo ya tatu iondoke, buluu na zambarau zibaki. Mabadiliko hayo ni ya kudumu na yanakubalika katika biashara yote ya vito. Tanzanite iliyochomwa si bandia. Ukiambiwa jiwe lako limechomwa, usihuzunike. Karibu kila tanzanite ya buluu unayoiona kwenye kabati la duka imepitia moto.

Hatua kwa hatua

1. Osha kwanza, ndipo ukague. Mafuta ya mwili na losheni hujificha nyuma ya jiwe na kulifanya lionekane zito, lenye ukungu. Weka maji ya uvuguvugu kwenye bakuli la plastiki, tone moja la sabuni, acha kito kilowe dakika chache, kisha sugua taratibu kwa mswaki laini, hasa upande wa chini. Suuza kwa maji ya uvuguvugu vilevile. Usitoe jiwe kwenye maji ya moto ukalipeleka kwenye maji ya bomba yaliyo baridi. Na usioshee juu ya sinki lenye tundu wazi.

2. Ligeuze juu ya karatasi nyeupe. Simama karibu na dirisha mchana, jua lisikupige moja kwa moja. Tazama jiwe kutoka juu, kisha kutoka kila ubavu. Tanzanite itakupa buluu upande mmoja na zambarau upande mwingine. Ikiwa haijachomwa, upande mmoja unaweza kukupa kahawia au kijani hafifu. Baadaye litazame chini ya taa yenye mwanga wa manjano: zambarau itapanda juu ya buluu. Hilo ndilo jibu la swali la mchana na usiku. Jiwe liko vilevile, kilichobadilika ni mwanga.

   Hapa wanaoanza hukosea namna mbili. Wengine huona rangi moja tu kwa sababu jiwe limefungwa ndani ya pete na pande zake zimezibwa, wakahukumu kuwa ni bandia. Wengine huona rangi mbili wakafurahi kabla ya wakati, ilhali yako mawe mengine ya buluu yanayofanya hivyo. Usihukumu kwa hatua hii peke yake.

3. Tumia kioo cha polaroidi. Weka jiwe juu ya karatasi nyeupe yenye mwanga wa kutosha. Litazame kupitia kioo kimoja cha miwani, huku ukikizungusha kioo taratibu kwa robo mzunguko. Usiligeuze jiwe, zungusha kioo tu. Kwenye tanzanite rangi itahama kutoka buluu kwenda zambarau na kurudi. Kama haihami, geuza jiwe kidogo lilalie ubavu mwingine, ujaribu tena, maana kuna pande ambazo tofauti haionekani.

   Bandia za kioo kilichotiwa rangi, na mawe ya kutengenezwa kiwandani kama zirkonia na spineli, hazibadiliki hata ukizungusha siku nzima. Ayolaiti, jiwe la asili linalofananishwa sana na tanzanite, hubadilika kwa nguvu zaidi: kutoka buluu hadi karibu kutokuwa na rangi, au manjano hafifu. Nikilazimika kuchagua jaribio moja tu la nyumbani ningechagua hili, kwa sababu halimgharimu mtu wala haliliumizi jiwe.

4. Ingia ndani kwa lenzi. Shika lenzi karibu kabisa na jicho, kisha sogeza jiwe hadi lionekane wazi. Tafuta vitu vinne.

   Vipovu vya duara ni dalili ya kioo.

   Vidoa vyeusi vidogo vinaweza kuwa grafaiti, madini meusi kama ya penseli, kwa kuwa miamba ya Mererani imejaa grafaiti; dosari hiyo ni ya asili.

   Kingo za nyuma za jiwe, ukizitazama kupitia uso wa juu, zionekane mstari mmoja mmoja. Zikionekana mbili mbili waziwazi, fikiria fosteraiti ya kutengenezwa, ambayo imeuzwa sana kwa jina la tanzanite.

   Cha nne ni kingo za juu zenyewe. Ikiwa rangi imechubuka kwenye pembe na kuacha mstari mweupe, jiwe limepakwa. Mwaka 2008 maabara za vito za Marekani ziliripoti tanzanite halisi, nyingi zikiwa ndogo, zilizopakwa utando wenye kobalti ili zionekane na rangi iliyokolea. Hili ni muhimu kwa sababu rangi nzito kabisa hupatikana zaidi kwenye mawe makubwa, ya karati 5 (gramu 1) na kuendelea. Kijiwe kidogo chenye buluu nzito kupita kiasi kichunguze mara mbili.

5. Pima uzito ndani ya maji, ikiwa jiwe liko huru. Kwanza lipime kavu, uandike gramu zake. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo jiwe la karati 10 litasoma gramu 2.00. Sasa weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha usomaji kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, ulining'inize ndani ya maji lizame lote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

   Tanzanite hukupa karibu 3.35. Jiwe letu la gramu 2.00 lingesukuma takribani gramu 0.60. Ayolaiti iko kwenye 2.6, yakuti 4.0, zirkonia inapita 5.5. Fosteraiti ni karibu 3.2, yaani jirani mno, kwa hiyo hapo rudi kwenye lenzi uangalie zile kingo mbili mbili. Kioo nacho hutofautiana sana na kinaweza kuangukia popote. Jaribio hili lina maana kwa mawe ya karati 5 na zaidi. Chini ya hapo, kosa dogo la mizani linaharibu hesabu yote.

6. Ukitaka uhakika, peleka maabara. Majaribio ya nyumbani huondoa bandia za wazi, hayatoi cheti. Arusha kipo Kituo cha Jemolojia Tanzania, na wapo wataalamu wa vito wenye vifaa vya kupima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya jiwe. Kwa tanzanite kipimo hicho ni kati ya 1.69 na 1.70, na kioo au ayolaiti si rahisi kukidanganya kifaa hicho. Cheti kikiandikwa "zoisaiti, aina ya tanzanite", ndivyo kinavyopaswa kuwa. Herufi kama AAA ni za wauzaji wenyewe. Hakuna daraja moja linalokubalika dunia nzima, na AAA ya duka hili inaweza kuwa AA ya duka la jirani.

7. Ukiwa bado hujanunua, anza na karatasi. Tanzania, biashara ya madini inaongozwa na Sheria ya Madini, Sura ya 123. Muuzaji na dalali wote wanatakiwa kuwa na leseni. Tangu 2019 yapo masoko ya madini yaliyoanzishwa na Serikali, na Tume ya Madini ina ofisi mikoani. Omba leseni, omba risiti. Ukiwa na mpango wa kutoka na jiwe nje ya nchi, uliza ofisi ya Tume kibali kinachotakiwa kabla hujalipa. Kanuni hurekebishwa mara kwa mara, na maneno ya dalali hayatakusaidia uwanja wa ndege.

   Jiwe ghafi linalouzwa kichochoroni liache. Nasema hivi kwa moyo wote. Mbali na sheria, jiwe ghafi halijulikani litatoa nini likikatwa, na asiye na jicho la kazi hiyo hununua ufa akidhani amenunua kito.

8. Chagua pambo linalolifaa jiwe. Hereni na kidani ndiyo makao bora ya tanzanite, kwa sababu haviparamii meza, milango wala sufuria. Ukitaka pete, basi iwe ya kuvaa siku maalumu, na jiwe lizungushiwe ukingo wa dhahabu au fedha pande zote badala ya kushikwa na kucha nne za chuma zilizochomoza. Ukingo hula pigo kabla ya jiwe. Kucha huacha kiuno cha jiwe, yaani ukingo wake mpana wa katikati, wazi, na hapo ndipo ufa huanzia.

   Wapo wanaoomba tanzanite kwa pete ya ndoa ya kuvaa kila siku, maisha yote. Sikukatazi, ila jua kwamba itahitaji kung'arishwa upya baada ya miaka, na kwamba yakuti ya buluu ingevumilia zaidi. Mwenye kuipenda tanzanite na bado anataka pete ya kila siku amwombe sonara aiketishe chini, uso wake usipite ukingo.

9. Vaa mwisho, vua kwanza. Manukato, dawa ya nywele, losheni na vipodozi vitangulie, vikauke, ndipo uvae. Ukirudi nyumbani, kito kitoke kabla ya kazi yoyote. Usipike nacho, usifulie nacho, usilimie nacho. Usiingie nacho kwenye chumba cha mvuke, wala kwenye maji baridi ukitoka juani. Asidi kali ziwe mbali kabisa, zikiwemo ya betri na zilizomo kwenye dawa za kusafishia vyoo.

10. Safisha kwa utaratibu ule ule wa hatua ya kwanza. Kinachovaliwa mara nyingi kioshwe kila baada ya wiki chache. Kinachokaa kabatini kioshwe kabla na baada ya kuvaliwa. Kausha kwa kugusisha kitambaa, usisugue kwa nguvu. Dawa ya meno ni marufuku, ina chembe zinazokwaruza. Chumvi na majivu pia, ingawa wazee wetu waling'arishia fedha kwa majivu na ikawaka. Fedha ni fedha, jiwe ni jiwe.

11. Hifadhi kila kito peke yake. Almasi, yakuti, zumaridi na hata amethisto vikikaa kifuko kimoja na tanzanite vitaikwaruza. Kifuko cha kitambaa kimoja kwa kito kimoja kinatosha. Usikiache kwenye gari lililofungwa juani, halafu ukawasha kiyoyozi.

12. Kwa sonara, tamka neno "tanzanite" kabla hujakabidhi. Pete nyingi huvunjikia huku. Mashine ya kusafishia kwa mitetemo ya sauti hupanua ufa uliokuwa umelala. Mashine ya mvuke hufanya hivyo hivyo kwa joto. Moto wa kulehemu ndio mbaya zaidi. Mwambie aondoe jiwe kabla ya kupunguza au kuongeza saizi ya pete, hata kama kazi itachelewa na gharama kuongezeka kidogo. Piga picha ya jiwe kwa karibu kabla ya kuliacha, upande wa juu na upande wa chini.

Usijaribu haya

Usilikwaruze jiwe kwa kisu, kioo au msumari ili "kulipima". Jaribio la namna hiyo hulitia alama jiwe la kweli na halikuambii jambo ambalo kioo cha polaroidi hakijakuambia.

Usilichome kwa kiberiti wala mshumaa. Wapo wanaosema tanzanite ya kweli haishiki moto. Hata kioo hakishiki moto, na tanzanite inayopashwa upande mmoja hupasuka.

Usijaribu kuchoma jiwe la kahawia jikoni ili ligeuke buluu. Wenye kazi hiyo huondoa kwanza sehemu zenye nyufa, kisha hupandisha joto la tanuru polepole hadi mamia ya nyuzi, na hulishusha polepole. Jiko la mkaa halina upole huo. Tena, mawe yasiyochomwa yenye rangi yake ya asili yana wapenzi wao, na huenda unalotaka kuligeuza linathaminiwa zaidi lilivyo.

Habari utakazosimuliwa dukani

Utasimuliwa kwamba radi iliwasha moto nyikani, na wafugaji wa Kimaasai waliporudi wakakuta mawe ya kahawia yamekuwa buluu. Ni simulizi nzuri, na ina mantiki ndani yake, kwa kuwa joto ndilo linalobadili rangi hiyo. Yanayojulikana kwa maandishi ni haya. Ugunduzi ulikuwa 1967. Serikali ya Tanzania inamtambua mzee Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi, na Aprili 2018 Rais John Magufuli alitangaza kumpa shilingi milioni 100. Siku hiyo hiyo ulizinduliwa ukuta wa kilomita zaidi ya 24 unaozunguka machimbo ya Mererani, uliojengwa ili kuzuia utoroshaji. Manuel de Souza, mshonaji nguo wa Arusha aliyekuwa pia mtafuta madini, alisajili vitalu mwaka huo huo wa 1967. Mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany & Co. ya New York ikaanza kuiuza kwa jina lililotokana na nchi yetu. Mwaka 2002 wafanyabiashara wa vito wa Marekani waliiingiza kwenye orodha ya mawe ya waliozaliwa Desemba.

Kwa hiyo mtu akikuambia jiwe hili lilivaliwa na wafalme wa kale au limetajwa katika vitabu vya miaka elfu, pima mwenyewe: halikujulikana kama kito kabla ya 1967. Kusema linatuliza moyo au kuleta kheri ni imani ya anayesema, na kila mtu ana haki ya imani yake. Ila usikubali kulipia nyongeza kwa ajili ya hilo. Bei ya tanzanite hutoka kwenye rangi, usafi wa ndani, ukataji na uzito.

Utasikia pia habari za Saniniu Laizer, mchimbaji wa Simanjiro ambaye Juni 2020 aliiuzia Serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la takribani kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Habari hizo ni za kweli, na zinastahili kusimuliwa kwa fahari. Tatizo ni pale kijiwe cha karati moja kinapouzwa kwa kivuli cha bilioni hizo.

Mambo yakienda kombo

*Jiwe limepoteza mng'ao.* Osha tena upande wa nyuma, mara mbili ikibidi. Likibaki na ukungu, tazama uso wa juu kwa lenzi. Ukiona mikwaruzo myembamba mingi, mkataji wa vito anaweza kuung'arisha upya kwa kupunguza uzito kidogo sana.

*Jiwe linacheza ndani ya pete.* Acha kuivaa leo hii. Usibonyeze kucha mwenyewe kwa koleo, kwa kuwa nguvu ikiangukia ule uelekeo wa mpasuko utabaki na vipande. Weka pete kwenye kifuko, umpelekee sonara.

*Kuna mstari ndani ambao haukuwepo.* Linganisha na picha zako. Mstari unaong'aa kama upinde wa mvua ukigeuza jiwe mara nyingi ni ufa. Usitie gundi wala mafuta. Mkataji atakuambia kama inawezekana kukata jiwe dogo zaidi kutoka sehemu iliyo nzima.

*Rangi si ile niliyoiona dukani.* Maduka mengi yana taa zilizochaguliwa. Litazame mchana karibu na dirisha, kisha chini ya taa ya manjano. Ikiwa rangi imepungua kwenye kingo peke yake, rudi hatua ya nne, huenda ni utando unaochubuka. Hapo kachukue maoni ya maabara kabla ya kurudi kwa muuzaji na risiti yako.

*Upande mmoja una rangi ya kahawia.* Si bandia. Huenda halijachomwa, au moto haukulifikia vya kutosha. Muulize muuzaji, na uandike jibu lake nyuma ya risiti.

*Sonara ameshaliosha kwenye mashine ya mitetemo.* Wakati mwingine jiwe hupona. Likague kwa lenzi chini ya tochi, ukimulika kutoka ubavuni, mbele yake na kabla hujaondoka dukani. Kama hakuna ufa mpya, endelea kulivaa, na safari ijayo mwambie mapema.

*Limemwagikiwa na dawa ya kutoa madoa.* Suuza kwa maji mengi ya uvuguvugu mara moja. Jiwe huenda lisidhurike, lakini klorini iliyomo kwenye dawa hiyo hula dhahabu na fedha inayolishika, kwa hiyo angalia kucha na maungio kwa lenzi baada ya siku chache.